Magome Kitandani kwa Mwanangu

Jumatatu, 3 Juni
Mwanangu hana adabu! Simu ni ya kupokea, si ya kubeba mfukoni kama jiwe. Jana kapokea kwa bahati mbaya. Eti, Mama, nitarudi nyumbani nikipata kazi huko. Haya! Kiwanda cha mbao hapo chini kinatupa magome mlima mzima. Gome likichemshwa hutoa maji makali, ngozi ikilowekwa humo haiozi. Fundi viatu hununua dawa hiyo dukani, ghali. Wao wanaona taka, mimi naona ajira ya mwanangu. Shule sikwenda, macho ninayo.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi nilikwenda kuzoa magome, mwenye kiwanda akanishukuru kwa kumwondolea uchafu. Nikajisahau, nikamweleza faida yote iliyomo. Akakuna kidevu. Akasema bibi, kuanzia sasa kila gunia lina bei. Mdomo wangu huu! Nikanunua. Nimeyaanika chumbani kwa mwanangu, mpaka kitandani. Pakavu pale, na hapalali mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi viatu kaleta ngozi yake. Akanionya nichemshie kwenye chungu cha udongo, maana magome na chuma havipatani. Nikamwambia ashone soli, mapishi ayaache kwa waliomlea. Nikateleka sufuria langu la chuma, lile la enzi za nyumba kujaa watoto. Likatokota siku nzima. Raha kusikia kitu kikinguruma jikoni! Kuni zikaisha. Nikachoma kiti cha wageni.

Ijumaa, 7 Juni
Maji meusi tititi! Ngozi nayo nyeusi kama sizi, na mteja alitaka viatu vya kahawia. Fundi akafoka: si nilikuambia, bibi? Nikamjibu magome ya siku hizi hayana malezi. Akaondoka. Hata chai hakunywa. Nilishaitia sukari.

Jumamosi, 8 Juni
Mwanangu kapiga mwenyewe! Kapata likizo, anataka kuja wiki ijayo, kazi au hakuna kazi. Akauliza, chumba changu kipo? Nikatazama magunia. Nikamwambia asije kwanza, chumba sasa ni kiwanda changu, kimejaa. Akasema haya mama, labda mwakani.
Labda.
Basi mwakani akute kiwanda kweli! Kosa nimeliona: sufuria lilikuwa dogo. Mwenye kiwanda alete magunia mengine, ayapange chumbani kwangu, mimi nitalala jikoni. Na kesho asubuhi, wewe bibi, amka ukaazime sufuria kubwa zaidi. La chuma!