Siku Niliyohojiwa Badala ya Mildred

Leo aibu imenipata mchana kweupe, mbele ya maprofesa watatu. Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu. (Mnajua naandika polepole. Vumilieni.)

Wengi wenu mlikuja kumzika dada yangu Mildred. Wazee walipogawa vitu vyake, mimi nilipewa simu. Wiki jana ikalia. Namba ngeni. Mwanamke, sauti ya ofisini.

"Hii ni namba ya Makokha?"

"Ndiyo." (Mimi pia ni Makokha. Sikudanganya.)

"Umeitwa kwa mahojiano ya shahada ya uzamili, masomo ya haki. Jumanne saa nne, hapa chuoni. Utafika?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake anasema, pole mama, mwenyewe alifariki. Mimi nikasema, "Sawa, asante." Nikakata!

Mama alikuwa jikoni akichambua mboga ya mrenda. Akauliza ni nani aliyepiga. Nikamweleza. Akayaweka majani kando.

"Papa," akasema (ndivyo anavyoniita mimi mwanawe), "utaenda. Utawaambia kwa mdomo wako. Sitaki waandike kwamba Mildred hakuja. Yule mtoto hajawahi kuitwa mahali akakosa kufika."

Na ni kweli aliitafuta sana hiyo nafasi. Masharti yake nayajua kwa kichwa, maana alikuwa akiyasoma kwa sauti mimi nikiosha vyombo. Uwe na shahada ya kwanza, daraja la pili la juu. Yeye alipata la chini. Lakini palikuwa na mlango mdogo: mwenye daraja la chini aingie kama amefanya kazi ya mambo ya haki kwa miaka miwili. Akafanya. Alikuwa akienda mahabusu ya watoto kuwaandikia barua za kwao, bila mshahara. Miaka miwili ikaisha. Akatuma maombi. Akaugua.

Basi leo nimevaa shati nililovaa mazishini (ndilo zuri nililo nalo), nikatembea kutoka kwetu Amalemba hadi chuoni nikikariri: "Nimekuja kuwaambia kwamba dada yangu Mildred alifariki." Njia nzima. Nilikuwa naisema vizuri kabisa. Hata ng'ombe mmoja aligeuka kunisikiliza.

Mlangoni palikuwa na msichana mwenye kalamu.

"Jina?"

"Makokha."

Akanibandika karatasi kifuani: MAKOKHA. "Kaa pale. Chukua chai."

Nikafungua mdomo. Tayari alikuwa anamwuliza mwingine. (Najua. Nyinyi mngesema. Mimi nikaenda kuchukua chai.)

Kwenye benchi nilikaa na askari jela mmoja, mtu mzima, tai imemkaba.

"Kijana, tasnifu yako itahusu nini?"

"Bado nafikiria."

"Usiwe na haraka. Mwaka wa kwanza ni wa darasani na mitihani. Tasnifu ni mwaka wa pili. Mimi hata kusoma nimesahau, naogopa kweli." Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Huko ndani hawatupi kitu."

Nikala mandazi mawili ya waombaji wa shahada ya uzamili. La tatu nikalifunga kwenye kitambaa cha kujifutia jasho, nikalitia mfukoni. La mama.

"Makokha!"

Miguu ikasimama. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nimekaa.

Ndani, maprofesa watatu. Mama wa katikati, mwenye miwani, akaongea Kiingereza kirefu. Nikasema, "Ndiyo." Mzee wa kushoto akanihurumia, akauliza kwa Kiswahili, "Tuanze taratibu. Una shahada gani?"

"Nina cheti cha darasa la nane."

Wakacheka! Walidhani nafanya mzaha ili niondoe woga. Nikacheka nao. (Mungu anisamehe, nilicheka kabisa.)

Mama wa miwani akafungua faili. Akaitazama. Akanitazama.

"Hapa nimeandikiwa Mildred."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye Mildred?"

"Ndiyo."

Jameni! Mimi, na hizi ndevu!

Kicheko kikakatika. Akavua miwani. "Kijana. Mildred yuko wapi?"

Ile sentensi ya njia nzima ikanitoroka yote. Jasho likaniingia machoni. Nikachomoa kitambaa nijipanguse, andazi likaruka, likadunda sakafuni, likaenda kutulia chini ya kiatu cha yule mzee. Sote tukaliangalia.

Nikaanza kulia. Si yale machozi ya kupangusa na kidole. Kulia kwa sauti, na kamasi.

"Tulimzika," nikasema. "Alitaka kuja. Msiandike hakuja."

Hakuna aliyecheka. Mzee akainama, akaliokota andazi, akalipuliza vumbi, akaniwekea mezani.

"Alitaka kusoma kuhusu nini?" mama wa miwani akauliza.

Hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia: vijana wanaokaa ndani kwa sababu hakuna wa kuwasemea. Nikamwambia pia alikolitoa wazo hilo. Kulikuwa na msako sokoni, nikabebwa na polisi pamoja na wengine. Askari aliponiuliza jina, nikashindwa hata kulitaja. Nililala seli wikendi nzima mpaka Mildred akaja, akanisemea, nikatoka. (Hiyo hamkuijua. Nilikuwa nawaambia nilikwenda Mumias.) Tangu tukiwa wadogo ni yeye aliyekuwa akinisemea, dukani, shuleni, kwa daktari. Leo ilikuwa zamu yangu kumsemea, na nilichosema ni kwamba mimi ndiye Mildred.

Mama wa miwani akaandika kitu kwenye faili. Nikanyoosha shingo.

"Umeandika hakuja?"

"Nimeandika amewakilishwa na ndugu yake."

Nikashukuru. Nikachukua andazi langu. Nikatoka kwa mlango ambao kumbe ni wa kabati. Nikatoka tena kwa mlango wenyewe.

Nyumbani mama alikuwa amesimama nje, ananingoja.

"Ulisema?"

"Nilisema."

Nikampa andazi. Akaligeuza. "Mbona lina alama ya kiatu?"

Ikabidi nimweleze yote. Nilipofika pale pa "Wewe ndiye Mildred?" mama alishika ukuta, akacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akalila lile andazi lote hivyo hivyo, na vumbi lake.

Kwa hivyo nyinyi tafadhali msicheke. Mama ameshatuchekea sote.