Bibi Harusi Atabebwa na Jua

Jumapili, 4 Agosti

Leo nimeitangazia familia yote ya mke wangu. Jumamosi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, atapelekwa ukumbini kwa gari langu la umeme. Gari la kukodi nimeshalifuta. Nilimpigia simu mwenye gari hilo nikamwambia moshi wake abaki nao.

Nilitarajia makofi. Sikupata hata kikohozi. Baba mkwe aliuliza likizimika njiani nani atalisukuma, bibi harusi? Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia, jua ndilo somo langu, na jua halijawahi kuzimika. Akasema jua sawa, yeye aliuliza gari. Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. Nilimeza hasira.

Mke wangu hakucheka. Tukirudi nyumbani aliniambia mfungishaji ndoa anaanza saa nne kamili, na baada ya hapo ana ndoa nyingine. Mdogo wake akikosa ndoa yake kwa ajili yangu, yeye atabaki kwa wazazi wake na nisimfuate. Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Ni gari la mtumba, sikatai. Rangi imepauka ubavu mmoja. Lakini halinywi petroli! Na paneli za sola ziko juu ya paa langu, upande wa barabarani, kila mpita njia anaziona. Fundi umeme alitaka kuzifunga upande wa nyuma, juu ya jiko, eti huko jua linakaa kutwa. Nyuma! Nani ataziona huko? Kuku?

Jumatatu, 5 Agosti

Nimekwenda shule kwa miguu. Wapo watakaouliza kwa nini mtu mwenye gari anatembea. Wafikirie! Jua linawaka mchana. Gari lazima lishinde nyumbani mchana, likila. Nikiliendesha litakula saa ngapi?

Njiani alinipita jirani yangu, Mzee Dizeli. Jina la utani hilo, tumempa mtaa mzima. Aliendesha malori maisha yake yote, sasa amestaafu na pikapu inayotoa moshi kama tanuri la matofali. Alisimama akaniuliza mwalimu, nikupe lifti? Mimi! Mwenye gari! Nikamwambia natembea kwa ajili ya afya. Akaondoka. Moshi wote nimeuvuta mimi, afya hiyo.

Nimerudi jioni, betri haijafika hata robo. Umeme wa kulipia sina tena. Mita niliwarudishia watu wa shirika la umeme mbele ya majirani, na hotuba fupi juu. Nikapanda ngazi kuchunguza. Nikamwona mchawi wangu. Tangi la maji la Mzee Dizeli! Liko juu ya mnara wa vyuma, na kuanzia adhuhuri kivuli chake chote kinalala juu ya paneli zangu.

Nikamwendea. Nikamwambia atoe tangi lake kwenye jua langu. Akasema tangi liko pale tangu sijahamia. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nisizihamishie paneli upande wa nyuma, yeye huona kutoka dirishani kwake jua linavyokaa huko. Maneno yale yale ya fundi! Wamekaa pamoja. Wamepanga.

Jumanne, 6 Agosti

Mtu mwenye elimu hashindwi na tangi. Nimekibandua kioo kikubwa cha kabati la mke wangu na kukiegemeza juu ya ukuta, ili kirushe jua lirukie paneli. Kidato cha kwanza wanajua mwanga huakisiwa.

Uliakisiwa. Ila ulipita chini ya paneli, ukakata uwanja, ukaingia dirishani kwa Mzee Dizeli aliyekuwa amelala kwenye kochi mdomo wazi. Aliamka akidhani nyumba inaungua. Akatoka mbio na ndoo ya maji na kuimwaga pale mwanga ulipokuwa unatoka. Pale nilikuwa nimesimama mimi. Nilirukia pembeni nikiwa nimelowa chapachapa, kioo nacho kikaanguka upande wa pili.

Ndicho kioo ambacho shemeji angekuja kujipambia Jumamosi. Mke wangu alivitazama vipande, akachukua ufagio. Nikamweleza kwamba kosa ni la aliyeleta maji. Aliendelea kufagia. Mzee Dizeli aliomba radhi, akaniletea taulo. Unafiki huo! Nimeikataa, nimejikausha juani.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempigia mkuu wa shule kwamba tumbo limenikamata. Lazima mtu awepo nyumbani kulilinda jua. Nikapanda paani na sabuni na kitambaa nisugue vumbi, maana kila punje ya vumbi ni mwizi.

Katikati ya kusugua nikasikia honi. Mkuu wa shule! Barabara zote za mji huu, na yeye apite hii! Aliteremsha kioo cha gari, akauliza tumbo linaendeleaje huko juu. Nikajibu limepungua. Akasema paneli zangu nzuri, ameziona tangu kule kona, na mwenyewe juu yake pia. Kesho nipite ofisini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekabidhiwa usimamizi wa usafi wa vyoo vya shule hadi mwisho wa muhula. Mwalimu wa jiografia! Wenzangu walijitia kukohoa.

Nimefika nyumbani nikiwa na harufu na ghadhabu. Betri nusu. Kuna mtu anakunywa umeme wangu, nikasema. Nikapita chumba hadi chumba kama polisi. Nikamkamata jikoni: friji! Linanguruma usiku na mchana, halina faida yoyote, maji ya baridi tu. Nikalichomoa.

Keki ya harusi ilikuwa ndani. Hakuna aliyeniambia. Mke wangu anasema aliniambia Jumatatu, Jumanne na leo asubuhi, lakini hizo siku nilikuwa na mambo. Alipokuja kufungua friji, krimu yote ilikuwa imeteremka, na ghorofa ya juu imelalia upande. Nikashauri igeuzwe, upande mbaya utazame ukuta. Alikaa sakafuni, akalia. Siku nyingi sijamwona akilia. Roho iliniuma, na nilipotaka kumshika bega akaniambia nikalishike gari.

Ameikwangua krimu, ameipaka upya, na keki sasa imelala kwenye friji la Mzee Dizeli. Keki yangu imekimbilia kwa adui!

Ijumaa, 9 Agosti

Ushindi! Betri robo tatu. Inatosha kwenda ukumbini, kurudi, na kuringa kidogo njiani. Nimeliosha gari, nimelifunga utepe.

Mzee Dizeli alikuwa amekaa langoni kwake. Nikaona haki ni yeye awe wa kwanza kushuhudia. Nikapita. Hakuinua kichwa, anasoma gazeti. Nikapita tena. Anachokonoa meno. Ndipo nikang'amua: gari halina mlio, hasikii! Nikawasha taa zote, muziki, kiyoyozi, nikapita tena na tena, nikizungukia kule sokoni na kurudi. Mwishowe akainua mkono. Huenda alikuwa anafukuza nzi. Nimeihesabu kuwa salamu.

Nilipolichomeka gari, mawingu. Wiki nzima anga safi kabisa, leo mawingu! Betri imebaki chini ya nusu. Mke wangu ameuliza kama inatosha, au tuazime gari mapema. Nikamwambia asinivunje moyo. Akaniuliza mara ya pili, taratibu, akinitazama machoni. Nikamwambia naapa.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa na suti ileile ya harusini. Ina harufu ya dizeli.

Tulianza vizuri. Shemeji na mke wangu nyuma, baba mkwe mbele. Shemeji alitoka jasho, poda ikaanza kuchirizika, nikawasha kiyoyozi hadi mwisho. Tukauanza mlima wa ukumbini. Gari likapunguza mwendo lenyewe. Kwenye dashibodi ikawaka taa yenye picha ya kobe. Baba mkwe akauliza hiyo nini. Nikasema pambo.

Likasimama katikati ya mlima. Shemeji akaanza kusema saa ngapi, dada, saa ngapi, saa ngapi. Mke wangu aligeuzia uso dirishani. Nilimwona kwenye kioo cha ndani. Alikuwa anatazama nje tu, amechoka.

Nyuma yetu pikapu. Bila shaka! Ilibeba viti vya ukumbini na ile keki. Mzee Dizeli alishuka, akatazama gari, akatazama bibi harusi, akatoa kamba. Hakucheka. Hilo ndilo limenikera kuliko yote. Angecheka ningejua pa kuanzia ugomvi.

Shemeji alikusanya gauni akapanda mbele kwenye pikapu, keki mapajani. Mke wangu akambana pembeni. Baba mkwe, mtu mzima mwenye suti, akapanda nyuma katikati ya viti, akanitazama njia nzima. Mimi nilibaki peke yangu nyuma ya usukani, kwenye ncha ya kamba, nikila moshi.

Walifika dakika chache kabla ya saa nne. Ukumbi mzima ulitoka nje kushangilia pikapu. Mtu fulani alifungua utepe kwenye gari langu, akaufunga kwenye pikapu. Nilimwona.

Lakini! Nilipoinama kuzima gari, kobe hayupo. Betri imepanda! Kumbe likivutwa, magurudumu yanazunguka na gari linajichaji lenyewe. Sikumwambia mtu. Nimekula keki yangu kimya, nikifikiri.

Jumapili, 11 Agosti

Nyumba kimya. Mke wangu alilala kwa wazazi wake. Asubuhi nilitaka kuona uso wangu ulivyo, kioo hakuna. Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa maana hakuna atakayesoma.

Nilipiga simu, akapokea baba mkwe. Akasema binti yake anataka mambo mawili tu. Nimshukuru jirani, na paneli zihamie nyuma. Nikifanya hayo anarudi leo leo.

Nimevaa koti, nimekwenda kwa Mzee Dizeli. Nikamkuta mke wangu pale langoni! Alikuja kuchukua trei za keki. Mzee akanitolea kiti. Nikapiga moyo konde nikasema asante sana, mzee wangu, kwa jana. Mke wangu akainamisha uso, akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza tangu wiki ianze. Akaziweka trei chini.

Basi kwa kuwa mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, nikamalizia. Nikamwambia mzee kwamba kuanzia kesho, kila asubuhi, anivute kwa kamba hadi shule. Jioni anirudishe. Betri inajaa, jua halihitajiki, tangi lake libaki, na paneli nazo zibaki palepale mbele, kwa heshima ya mtaa. Nishati safi kabisa! Dizeli anatia yeye.

Mzee alimtazama mke wangu. Mke wangu aliokota trei zake moja moja, akapanda pikapu, akaomba arudishwe kwa wazazi wake.

Nimebaki nimesimama ndani ya moshi, damu inanichemka. Wivu mtupu! Watu hawataki maendeleo! Wakati wanakata kona nikaona ndoano ya nyuma ya pikapu, tupu kabisa. Safari yote ile hadi kwa wakwe zangu, na hakuna gari lililofungwa. Chaji inapotea bure hivi hivi! Mtaa wa pili kuna mwenye trekta. Kesho asubuhi, kabla ya vyoo, naanzia kwake.