Madirisha ya Nanga Tatu

Jumatatu, 6 Novemba

Kesi! Kesi ya leseni, ya kusimama na kuhutubia. Bewick, karani wetu anayegawa kazi kwa mawakili wote wa ofisi hii, alikuja na uso wake ule wa kutangaza msiba. Akasema kuna mama anataka wakili, na wengine wote wana shughuli. Nikamuuliza kama ana maana mimi ni wa mwisho kufikiriwa. Akasema, mkuu, mimi nimesema wengine wana shughuli tu, hayo mengine umeyasema mwenyewe.

Mteja anaitwa Bi Doreen Hedley. Miaka sabini na moja, mjane, ana baa ya Nanga Tatu pale chini kwenye ukingo wa mto Tyne. Jengo ni la kiwanda cha bia, yeye mpangaji tu, anaishi ghorofa ya juu. Leseni ya pombe ikifutwa, baa imekwenda na makazi yamekwenda. Ghala la jirani limegeuzwa fleti, na watu wa fleti wamelalamikia kelele. Kelele gani? Kwaya! Wazee waliokuwa mafundi wa meli, wanaimba kila Alhamisi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hii nitaishinda huku nasinzia.

Bewick aliniacha nimalize kucheka, kisha akaniambia kwamba wakili wa halmashauri ya jiji ni Fenwick.

Fenwick! Chumba cha pili kutoka changu! Watu wa nje hawatuelewi kabisa. Wanashangaa vipi mawakili wawili wanaotumia birika moja la chai wakapambane kortini. Ndivyo tulivyo, paa moja na kila mtu na mteja wake. Lakini kwa nini awe Fenwick? Hunishinda kila mara. Ana miaka arobaini na nywele zake zote.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata mbinu. Ukuta kati yangu na Fenwick ni mbao nyembamba, akipiga chafya namtakia afya. Leo nimempigia simu Profesa Lindqvist, bingwa wa sauti na mitetemo. Hayupo duniani, nimemtunga wakati nanyoa ndevu. Nikamwambia kwa sauti ya mahakamani kwamba vipimo vyake vitawazika wale halmashauri wazima wazima. Nikanyamaza kumsikiliza. Nikacheka cheko la mtu aliyeshinda. Nikamwambia, Profesa, punguza, utawaua.

Bewick akaingia na kunitaarifu kwamba simu za ghorofa hii zimekatika tangu asubuhi. Nikamwambia naongea kwenye ya mkononi. Akaitoa mfukoni mwake na kuniwekea mezani. Niliiacha kwake ichajiwe.

Haidhuru. Aliyetakiwa kusikia amesikia.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimekwenda Nanga Tatu kukusanya ushahidi. Nilipanga kukaa kidogo tu. Nimetoka wakati viti vinapandishwa juu ya meza.

Wazee wamepanga mstari kwenye chumba cha nyuma, madirisha wazi kwa sababu ya joto la tanuri. Mmoja ana mkongojo, mwingine ana mashine ya kusikia inayopiga mluzi kila anapofika noti ya juu. Wanaimba vibaya kwa furaha kubwa. Katikati ya mstari kuna pengo. Niliwaambia wasogeleane, wataonekana vizuri zaidi. Hakuna aliyesogea. Bi Doreen akaninong'oneza kwamba hapo ndipo mumewe Wilf alipokuwa akisimama.

Wimbo wa mwisho ni wake Wilf. Unapofika ubeti aliokuwa akiimba peke yake, wote hunyamaza, piano hucheza, kisha wanaendelea. Nililia. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nyumbani kwangu hakuna sauti ya mtu tangu mke wangu Hilary aondoke, na sikujua kama naikosa kiasi hiki.

Bi Doreen alinipa mkate wa nyama ya nguruwe na njegere za kupondwa, akakataa hela. Akasema, "Sina kwingine mwanangu. Wilf alifia chumba kile cha juu. Nami nataka nifie humo humo. Si kwa haraka, lakini."

Nilimwahidi. Nilimshika mkono nikamwahidi.

Ijumaa, 10 Novemba

Ameingia mtegoni! Fenwick amegonga mlango akiwa na sahani ya biskuti. Akasema halmashauri ingependa tumalize kwa amani. Bi Doreen afunge bustani ya nyuma saa tatu usiku, na kwaya waimbe ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Basi. Leseni ibaki, hakuna vita, kamati ya leseni itapitisha tu.

Nilitafuna biskuti kwa uso mkavu. Moyoni nilikuwa naruka. Fenwick kuja kwangu! Na biskuti! Profesa Lindqvist amemtia kiwewe.

Nikampigia Bi Doreen, maana sheria inataka mteja aambiwe. Alicheka kwa raha kama msichana. Madirisha? Yafungwe hata leo! Nusu ya wazee wana baridi yabisi, wanamlalamikia upepo kila wiki. Akaanza kushukuru, akataka kujua napenda keki ya aina gani.

Nikamwambia taratibu, Bi Doreen. Nikamweleza kwamba anayekuja na masharti mapema ni mwoga, na mwoga hapewi kitu. Tukikaza, tutapata kila kitu, bila sharti hata moja. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Halafu akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu."

Nitakuwa mkweli kwenye karatasi hii. Watu wakipatana, gazeti la jioni haliandiki. Wala Bewick hakumbuki. Mapatano ni kazi iliyofanyika bila mtu kuiona, na mimi nimekuwa mtu asiyeonekana kwa miaka mingi sana.

Jumatatu, 13 Novemba

Fenwick tena. Safari hii amefunga mlango na kukaa bila kukaribishwa. Akasema, "Threlkeld, chukua. Mwenyekiti wa kamati hana mzaha siku hizi, amefuta leseni mbili mwezi huu. Na mteja wako aliandikiwa maonyo mawili, hakujibu hata moja." Nikamwambia alikuwa amefiwa. Akasema anajua, ndiyo maana anakuja mara ya pili. Kisha akasema tafadhali.

Tafadhali! Nimelionja neno hilo njia nzima hadi nyumbani. Nimekula chakula cha jioni nimesimama, nikihutubia jokofu. Kauli yangu kuu ni hii: "Hata dirisha moja!" Naisema nikiwa nimeinua kidole. Inapendeza sana.

Jumatano, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kamati ni madiwani watatu, na mwenyekiti ni Bi Stobbs, mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo. Kwenye kamati hizi hatuvai wigi, lakini nilibeba mkoba wa wigi langu na kuuweka mezani ili watishike. Bi Stobbs akaniuliza kama ni chakula changu cha mchana. Nikauweka chini.

Shahidi wa fleti nilimtarajia awe tajiri mwenye kiburi. Alikuwa binti mmoja mwembamba, macho mekundu, mtoto mchanga mgongoni. Nikamkazia macho. Nikamuuliza kama ana chuki na muziki. Akasema hapana, wale wazee anawapenda. Mtoto tu hapati usingizi. Akasema yeye hataki baa ifungwe, jamani, anaomba madirisha tu.

Bi Stobbs akanigeukia. Akataka kujua kama mteja wangu anapinga kufunga madirisha.

Hapa Bi Doreen alinivuta mkono wa koti. Nilidhani ananitia moyo. Akavuta tena kwa nguvu. Nikapandisha sauti. Nikainua kidole. "Hata dirisha moja!"

Bi Stobbs akaandika kitu. Akauliza kama tuna ushahidi wowote wa vipimo vya sauti. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba Profesa Lindqvist amepatwa na dharura.

Walitoka, wakarudi kabla sijamaliza glasi ya maji. Mwenye leseni aliyepuuza maonyo mawili, akasema Bi Stobbs, na asiyekubali hata kufunga dirisha kwa ajili ya mtoto mchanga, hawezi kuaminiwa. Leseni imefutwa.

Bi Doreen hakulia. Aliuliza tu kama kwaya wanaruhusiwa kuja kesho, maana ameshanunua nyama.

Kisha Fenwick akafanya jambo la ajabu. Alinijia mbele ya watu wote akaninyooshea mkono. Sisi mawakili wa kortini hatupeani mikono, haijapata kutokea tangu enzi za mababu. Mimi na yeye tumefanya kazi pamoja miaka tisa, sijawahi kumgusa. Akabaki ameunyoosha. Akasema, "Pole sana, msomi mwenzangu." Sikuupokea. Anatafuta nini? Lazima kuna kitu anatafuta.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimemwandalia Bi Doreen rufaa. Wakati wa rufaa leseni huendelea kuwa hai, na hakimu atamfundisha Bi Stobbs adabu. Nilimpigia na kumweleza kwa shauku. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema kiwanda cha bia kimeshamtumia mtu. Mkataba wa upangaji unasema leseni ikifutwa wanaweza kumtoa, na wanamtoa. Wataifanya mgahawa. Nikasema tutapigana nao pia. Akasema, "Basi, mwanangu. Nimechoka."

Bewick ameniletea chai bila kuombwa. Hajawahi. Nikamuuliza, kama kwa mzaha, Fenwick alisemaje Jumanne ile aliposikia habari za Profesa. Akasema atasikiaje, Fenwick alikuwa mjini Durham kutwa nzima, chumba chake kilikuwa kimefungwa. Basi yale masharti yalitoka wapi? Bewick akasema yule binti wa fleti ndiye aliyekwenda halmashauri na mtoto wake. Aliwasihi wasifunge baa, wafunge madirisha. Fenwick akamwonea huruma Bi Doreen, akayaandika yeye mwenyewe.

Chai imepoa.

Kuna maelezo mengine. Habari huenea. Fenwick aliweza kuambiwa kuhusu Profesa na mtu mwingine, akiwa huko huko Durham.

Alhamisi, 23 Novemba

Bi Doreen amehama leo. Anakwenda kwa mdogo wake anayeishi mji wa Morpeth, kwenye chumba kilichokuwa cha kushonea. Sikuitwa, nimekwenda mwenyewe. Wazee wa kwaya walikuwa wakishusha kitanda kwa ngazi nyembamba, wakigombana kama mafundi kweli, vuta kwako, inua kwangu, we mzee unaua mguu wangu. Wakakifikisha kitanda chini. Yule mwenye mkongojo akakaa juu yake, pale barabarani, akaangalia mto.

Hakuna aliyenisema vibaya. Nilitamani mmoja anitukane.

Nikapewa mto wa kulalia nibebe. Bi Doreen akanifuata mpaka kwenye gari la mizigo. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia basi, iwapo angekubali yale ya madirisha, leo angekuwa bado kwake?

Nilikuwa na mto mikononi. Nikamwambia sheria ni jambo gumu, Bi Doreen, halitabiriki, mambo mengi huingia. Akanitazama hadi mwisho wa sentensi. Akasema, "Najua mwanangu. Lakini ningekuwa kwangu?"

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa. Akanisafisha bega la koti kwa kiganja, kulikuwa na vumbi la ngazi. Akapanda gari. Hakugeuka kuangalia nyuma, na mimi nilikuwa bado nimeshika mto wake gari lilipoondoka. Nilikimbia nao mpaka darajani bila kulifikia.

Nimeumia. Mto uko kwenye kiti hiki, mbele yangu.

Jumatatu, 27 Novemba

Hewa mpya! Bewick ameniletea kesi ya kazi. Wengine wote wana shughuli.

Mteja ni Colin Yarrow, msukuma vitanda wa hospitali, watoto watatu. Alifukuzwa kwa kumpenyezea chipsi kwa siri mgonjwa aliyekuwa akikata roho na aliyezitamani. Mtu mwema, mikono mikubwa, analia haraka. Nilimwonea huruma hapo hapo, na nikaapa kwamba huyu simwangushi.

Na hebu tazama! Kabla ya saa sita mwajiri amenitumia ujumbe. Wako tayari kumrudisha kazini kesho asubuhi, wodi ile ile, zamu ile ile, apokee onyo moja la maandishi, mambo yaishe.

Kesho asubuhi! Haraka yote hiyo ya nini? Nimeusoma ujumbe mara kadhaa, na kila nikisoma nawanusa hofu.

Nikampigia Yarrow jioni. Tayari hospitali walikuwa wamemdokeza. Watoto walikuwa wakipiga kelele nyuma yake, na alikuwa amekwisha kupiga pasi sare yake, ameitundika mlangoni.

Nimemwambia airudishe kabatini.