Vita vya Fundi Bomba na Macho ya Darubini

Tegeni masikio, enyi mlioketi na enyi mliosimama mlangoni, nanyi mlio jikoni punguzeni moto mje karibu, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine na wasimulie wafalme waliobomoa kuta za miji na majemedari waliovuka majangwa. Hapa anasimuliwa mtu aliyeketi kwenye meza ya kulia chakula, mguu wake mmoja ukiwa ndani ya plasta, akaificha saba ya kopa miongoni mwa karata hamsini na mbili, mbele ya macho ambayo kwa miaka thelathini na moja hayakupitwa na kitu.

Shujaa wetu aliitwa Fundi Bomba: mfunga koki zisizofungika, mzibua mifereji iliyokata tamaa, simba wa spana, aliyeweza kusikia tone la maji likivuja nyuma ya ukuta kama mama asikiavyo pumzi za mwanawe. Siku moja alipanda ngazi kukagua tangi juu ya paa la chuo cha ushonaji. Ngazi ikaikana kazi yake, naye jemedari akashuka kwa njia fupi kuliko aliyopandia. Kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari akamkabidhi magongo mawili na hukumu ya wiki sita nyumbani.

Mkewe alikuwa mfamasia na hakuweza kuliacha duka la dawa. Akamwomba mama yake aje kushinda na mgonjwa mchana. Hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba ile, mkoba kwapani na miwani puani, Mama Mkwe, ambaye vizazi vya wanafunzi vilimwita Darubini.

Jina hilo alilipata vitani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa msimamizi wa mitihani. Kikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya kifuniko cha kalamu alikiona akiwa bado mlangoni. Kanuni za hesabu zilizoandikwa juu ya ukucha wa dole gumba alizisoma kwa sauti, akasahihisha na kosa lililokuwamo. Lakini alipostaafu, macho yale makali yalikosa kazi, yakawa kama panga lililotundikwa ukutani. Tangu hapo hakuuliza jambo wala hakucheka. Alikula nusu sahani, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Na baina yake na mkwewe palikuwa na heshima, tena nyingi mno, heshima ya kugandisha maji. Walisalimiana asubuhi, wakaagana jioni, na katikati yake saa ya ukutani peke yake ndiyo iliyokuwa na la kusema.

Siku ya nne akaja Mpaka Rangi, rafiki wa Fundi tangu ujana wao wa kazi, kumjulia hali. Kutoka mfuko wa ovaroli lake lenye madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka, akachomoa pakiti ya karata.

"Chagua moja, ndugu yangu. Itazame. Haya, irudishe katikati."

Akazichanga, shwa, shwa, shwa, akaifunua ya juu. Ndiyo yenyewe.

Fundi Bomba akainuka nusu, akasahau mguu, mguu ukamkumbusha. "Umefanyaje?"

"Umeniona nachanga, siyo? Basi sikuchanga. Nimezitembeza tu zikarudi nyumbani."

Kisha, kama mganga anayemrithisha mwana dawa za ukoo, Mpaka Rangi akamfunulia siri. Karata ikirudishwa katikati, ncha ya kidole kidogo inajipenyeza juu yake na kuacha mwanya usiozidi unene wa ukucha; ukikata kwenye mwanya huo, karata imepanda juu. Ukianza kuchanga, unaivuta kwanza hiyo peke yake, nyingine zote ziiangukie mgongoni: imeshuka chini kabisa. Unachanga tena mpaka ibaki ya mwisho mkononi, unaiangusha: imerudi kileleni.

"Watu wameona karata zimevurugwa mara mbili," alisema Mpaka Rangi, "kumbe yako imepanda na kushuka ngazi tu."

"Ngazi usinitajie."

"Samahani. Lakini sikiliza la mwisho, ndilo kubwa. Jicho la mtu hulishindi kwa mkono. Jicho huondoka lenyewe, likipata pa kwenda."

Basi yakaanza mazoezi, na mazoezi yale hayakuwa lelemama. Vidole vilivyozoea mabomba ya chuma vilizishika karata kama vinavyoshika mbawa za kipepeo, ama vikaziponda, ama vikaziachia. Ziliruka kama kumbikumbi baada ya mvua. Ziliingia chini ya kochi, zikajificha katika kiatu cha mguu mzima, zikatawanyika sakafuni, na jemedari akazikusanya kwa ncha ya gongo, moja baada ya moja, akihema.

"Mume wangu," mkewe aliita kutoka jikoni, "nimepima mchele nimepata malkia."

"Mrudishe, ana kazi kesho."

Wiki ya tatu ilipoingia, Fundi akajiona yu tayari. Akajikongoja hadi mezani, akakohoa kikohozi cha watu wenye hotuba, akanena: "Mama, kwa idhini yako, na kwa heshima yote uliyo nayo katika nyumba hii, naomba uje uchague karata moja."

Darubini akageuka kutoka dirishani. Akaja. Akachagua, akaitazama, akairudisha. Fundi akakata, akachanga mara ya kwanza, akachanga mara ya pili, moyo ukimpiga ngoma za ushindi.

"Hicho kidole kidogo cha kushoto," alisema Mama Mkwe, "kimeingia humo ndani kutafuta nini?"

"Kipi, Mama?"

"Hicho kinachotoka sasa hivi."

Loo! Hakuna ngome iliyoanguka upesi namna ile. Shujaa aliinamisha kichwa, masikio yakawaka moto. Lakini mchana ule Darubini alimaliza sahani yake yote, akaongeza na ukoko. Na jioni mkewe alipotoka kumsindikiza mama yake, alirudi ameshika kiuno.

"Umemfanya nini mama? Ameniuliza utacheza tena lini. Mama hajaniuliza lolote tangu astaafu, hata bei ya nyanya."

"Nimeshindwa tu."

"Basi endelea kushindwa, mume wangu. Unashindwa vizuri."

Fundi akalitafakari neno hilo, akaliona jema. Kesho yake akatandaza karata tena, na kwa hisani ya mkwe mwema akakiacha kidole kidogo wazi kama kigingi cha hema. Darubini akatazama. Kisha akakunja mikono kifuani.

"Leo umejiachia."

"Hapana, Mama, ni bahati mbaya..."

"Baba, sikia. Nimewatoa ukumbini watoto waliokuwa wakiiba ili wafaulu. Sijapata kumwona mtu anayeiba ili akamatwe. Usinihurumie. Nimezeeka, sijawa mgonjwa."

Akarudi dirishani, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko kawaida. Fundi Bomba alibaki peke yake na karata zake. Aibu aliyoipata siku ile ilimuuma kupita kifundo. Alikuwa amempa mama wa watu ushindi wa bure, kama anayemtupia kuku makombo. Akaapa kwa spana zake zote kwamba yule mwanamke atadanganywa kwa haki, au hatadanganywa kabisa.

Akamwita Mpaka Rangi, akakiuzulu kidole kidogo. Sasa alijifunza kuiacha karata moja tu ichomoze kidogo upande wa tumboni kwake, palipofichwa na kiganja, ili dole gumba liipapase bila jicho kushuhudia na lijue pa kukatia. Alichanga akinywa uji. Alichanga akisikiliza redio. Alichanga macho yamefumbwa, hadi mikono ikaacha kumwomba ruhusa. Na mara tatu katika siku hizo alithubutu vitani, na mara tatu Darubini akamnasa: mara kwa bega lililopanda, mara kwa pumzi aliyoizuia, mara kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "Umeacha kunitazama, na asiyenitazama ana lake."

Zikasalia siku mbili plasta ikatwe na Mama Mkwe amalize zamu yake. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limelala juu ya kitambaa cha meza. Wakaketi uso kwa uso, kama majeshi mawili ng'ambo na ng'ambo ya mto. Darubini akavuta karata, akaitazama, akairejesha katikati.

"Endelea, baba. Nakuona."

Hapo shujaa akautoa mshale aliouficha siku zote. "Mama, katika miaka yote ile, yuko aliyewahi kukushinda?"

Alikusudia hila. Alitaka jicho lipate pa kwenda. Lakini lile jicho liliinuka kutoka kwenye karata, likamtazama yeye, likapita, likaenda mbali kuliko alivyotarajia.

"Yuko mmoja," alisema Mama Mkwe taratibu. "Binti. Alikuja na bendeji mkono mzima. Nikajisemea, huyu namjua. Nikamwacha saa nzima aandike, kisha nikamwendea mbele ya wenzake wote nikamwambia fungua. Hakubisha. Akafungua." Akasawazisha kitambaa cha meza. "Lilikuwa jeraha la moto, baba. Bichi. Hapakuwa na kitu kingine."

"Ukafanyaje, Mama?"

"Nilimfunga upya mwenyewe. Nikamwongezea dakika kumi, kinyume cha sheria. Alifaulu. Mpaka leo nikiona bendeji nageuza uso."

Fundi Bomba alikuwa amesahau vita. Alisikiliza kwa moyo wote, macho yake katika macho ya mama yule, akamwona kwa mara ya kwanza. Na mikono yake iliyoachwa bila amri ikapapasa, ikakata, shwa, shwa, shwa, ikashusha, shwa, shwa, shwa, ikapandisha, ikaziweka karata mezani kimya. Yeye mwenyewe alishtuka kuzikuta pale.

"Ilikuwa ipi, Mama?"

"Saba ya kopa."

Akaifunua ya juu. Saba ya kopa.

Darubini akaisogeza karata karibu na miwani. "Weka mikono mezani," aliamuru hatimaye, na shujaa akaweka. Akavigeuza viganja, akakunjua mikono ya shati, akatazama chini ya meza, akayainua magongo na kuyatikisa. Akazihesabu karata moja moja hadi hamsini na mbili, akahakikisha hakuna saba ya kopa mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Sikuona," akasema.

Sikuona! Ngurumeni, enyi mabomba ya mji! Pigeni makofi, enyi masinki na matangi! Neno ambalo halikutoka katika kinywa kile kwa miaka thelathini na moja lilitamkwa saa tano na dakika ishirini asubuhi, pasipo damu kumwagika, kwenye meza ya kulia chakula, na aliyelisababisha ni fundi wa bomba. Na iandikwe katika kumbukumbu za mataifa, nao watakaozaliwa wasomeshwe.

"Nikueleze, Mama?"

"Ole wako!" Na hapo ndipo kicheko kilipompasuka Darubini, kicheko kikubwa, cha kushika mbavu na kupiga meza, hadi mshindi naye akaambukizwa na machozi yakamtoka.

Mkewe aliporudi kwa chakula cha mchana aliwakuta wameinamiana, vichwa vinakaribia kugongana, chungu kikiwa hakijabandikwa.

"Jamani, mbona hamjapika? Kuna nini?"

Mama yake hakuinua macho. Alimnyooshea mkono tu, kama anyamazishavyo ukumbi wa watu mia mbili.

"Subiri, mama. Mume wako anarudia."