Nukta ya Tano

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa. Nimefika karakana kabla ya mlinzi kumaliza kufagia ngazi. Nilitaka nishuhudie nyuso.

Jumamosi nilikuja peke yangu, bila kuombwa na mtu, nikafuta Linux ya zamani, ule mfumo unaoendesha kompyuta kuu, na kuweka mpya kabisa. Ya zamani ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Aibu. Hapa tunachapa vitabu na mitihani ya nukta nundu kwa ajili ya wasioona, na kiti cha mkuu wa kitengo cha kompyuta kiko wazi tangu mzee wetu astaafu. Bi Mkuu, mwenye kauli ya mwisho, husema kila kikao kwamba anapenda watu wanaojituma. Nimejituma.

Saa tatu nimewasha mbele ya watu. Sekunde tisa, ikawaka. Picha ya milima. Bi Mkuu akasimama na kikombe chake, akasema ni milima mizuri. Kisha akauliza programu ya nukta iko wapi.

Haipo.

Ndiyo inayochukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa nukta, mashine ikazipiga kwenye karatasi. Ni programu huria, ya kila mtu, maana yake haina mwenyewe. Aliyeiandika aliitelekeza miaka kumi na sita iliyopita. Mfumo mpya hauijui hata kwa jina. Nimeitafuta mara nne kwenye ghala lake la programu. Mara ya nne ukanipendekezea mchezo wa karata.

Bi Mkuu kanikumbusha mtihani wa Uraia. Wanafunzi kumi na wanne, Jumatatu ijayo asubuhi. Nikasema haya ni matengenezo ya kawaida. Akauliza yataisha lini. Nikasema kesho.

Mdomo huu utanizika.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata msimbo wake mtandaoni, yaani maandishi yenyewe ya programu jinsi mtunzi alivyoyaacha. Kilichobaki ni kuyapitisha kwenye kompaila, chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa programu inayotembea. Amri moja. Nikabonyeza, nikaegemea kiti, nikakunja nne.

Makosa mia mbili na kumi na mawili.

Nimesoma la kwanza. Sikuelewa. La pili linasema limesababishwa na la kwanza. Inaonekana kompaila ya zamani ilikuwa kama bibi yangu, inaona na inanyamaza. Hii mpya ni kama mama mkwe.

Shemeji kapita. Ni kaka wa mke wangu, na ndiye fundi wa ile mashine ya kupiga nukta. Mikono ina grisi hadi kwenye viwiko, na kiti cha mkuu wa kitengo anakitaka, ingawa anajifanya hakioni. Akauliza kwa upole kama nilihifadhi nakala ya mfumo wa zamani kabla ya kuufuta. Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wa grisi. Akasema anayo programu hiyo kwenye laptopu yake ya nyumbani, huitumia kujaribia mashine, nikihitaji nimwambie tu.

Nimwambie? Ili Bi Mkuu asikie nani aliyeokoa jahazi? Nikashukuru. Nikasema nimebakiza kidogo.

Nimebakiza mia mbili na tisa.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua njia. Kompaila inaweza kuambiwa ipuuze. Kuna maneno ya kuiandikia, yanamaanisha takriban: haya nimeyaona, nyamaza. Makosa yakashuka hadi thelathini na moja kwa pumzi moja. Nimezunguka meza mara mbili kwa furaha.

Thelathini na moja yaliyobaki hayakunyamazika. Basi kila mstari uliolalamikiwa nimeufuta. Programu ina mistari elfu kumi na tisa, haiwezi kukosa usingizi kwa ajili ya thelathini.

Kisha ikadai maktaba. Si ya vitabu. Ni kifurushi cha msimbo ambacho programu hukiazima, na ilitaka toleo la pili. Mfumo mpya una toleo la saba. Nimechukua la saba nikalibatiza jina la la pili. Likaitika.

Saa nane mchana: makosa sifuri. Nimemwita Bi Mkuu. Mashine ikanguruma, ukurasa wa kwanza ukatoka, nukta zimejipanga kama askari. Bi Mkuu akatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa na umbo la kiti.

Tukampelekea Mwalimu. Mwalimu haoni tangu utotoni. Ana miaka sitini na moja, na hakuna karatasi inayotoka hapa bila kupita chini ya vidole vyake. Nikamwamkia, akaitika, akaweka mkono kwenye swali la kwanza. Swali lenyewe ni fupi: Kura ni nini?

Vidole vikaenda. Vikarudi. Vikaenda tena.

"Fundi," akasema, "hapa imeandikwa: Kula mi mimi?"

Bi Mkuu akauliza maana yake. Mwalimu akasema haelewi vizuri, ila anahisi kuna mtu anaogopa kuliwa.

Akasoma mistari mingine miwili, kisha akaeleza bila haraka, kama anavyofundisha. Kila herufi ina nafasi sita za nukta. Kwenye ukurasa wangu nukta ya tano haipo popote. R ikikosa nukta ya tano ni L. N ikiikosa ni M. H inakuwa B. Akasema watoto wataingia kwenye chumba cha mtihani wa Uraia na kukuta mtu anabwabwaja.

Bi Mkuu hakutabasamu tena. Mimi nikasema ni majaribio.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeupata mstari wa nukta ya tano. Ulikuwa miongoni mwa ile thelathini na moja. Nikiurudisha, kompaila inakataa kazi yote. Nikiuondoa, inakubali, na nukta inakufa. Tangu asubuhi nimeutoa na kuurudisha mara kumi na moja. Goti langu la kulia linatikisika lenyewe chini ya meza. Karani wa mapokezi kauliza kama kuna gari linapita.

Saa sita nikapata wazo safi. Shemeji yuko kazini. Laptopu yake iko nyumbani. Nyumbani kwake anaishi na mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu. Na mkwe akienda kumsalimia mama mkwe, nani atamlaumu?

Nimekwenda na flashi mfukoni. Mama mkwe alikuwa amefua mapazia. Akanitazama, akatazama ngazi, akasema Mungu hamtupi mja wake. Nimetundika mapazia saba. La sita nililigeuza, nikalitundika upya. Alipokwenda kunichotea maji ya kunywa, nikaruka mezani, nikafungua laptopu, nikanakili programu, nikafunga. Dakika moja. Sijawahi kuwa mwepesi hivyo tangu shule.

Nimerudi mbio. Nimechomeka. Programu ikakataa kuamka. Inadai maktaba nane za zamani, zote zimebaki kwenye laptopu. Yaani nimemleta bibi harusi, ndugu zake wanane wamesimama mlangoni na bila wao haingii.

Jioni, tunafunga ofisi, Shemeji kanifuata kwenye ngazi. Mama amempigia simu kunisifu. Amesema mkwe wake ana adabu sana, amekuja kumwona mchana wa kazi, ametundika mapazia yote, na hata ile kompyuta ameifuta vumbi.

 Kisha Shemeji akanitakia usiku mwema. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni

Jana sikuandika. Sikuweza.

Ni hivi. Jana asubuhi nilijiambia: kama programu ya zamani inataka maktaba za zamani, basi nizilete zote za zamani, ikiwemo ile mama yao, ambayo kila kitu kwenye kompyuta kinaiegemea. Mfumo ulinionya. Uliniuliza kama nina hakika. Ukataka niandike kwa herufi kamili kwamba ninajua ninachokifanya. Nikaandika.

Kompyuta ikafa. Si kuzima, kufa. Niliiamuru inionyeshe mafaili, haikuweza. Niliiamuru ijizime, haikuweza hata hilo. Nikachomoa waya. Nilipouchomeka tena, hapakuwa na milima.

Bi Mkuu alipita saa nne. Nikasema inapumzika. Akapita saa sita. Nikasema bado. Alipopita saa nane nikajifanya natafuta bisibisi chini ya meza. Nikakaa huko chini muda. Ni hapo niliposikia sauti: tik, tik, tik. Ndogo, za mfululizo, chumba cha pili.

Nikaenda. Mwalimu alikuwa amekaa na kibao chake cha chuma na kalamu ya kutobolea, anaandika mtihani wa Uraia kwa mkono. Nukta moja moja. Karani wa mapokezi amekaa kando yake, anamsomea maswali. Kurasa sita, mara wanafunzi kumi na wanne. Kifundo cha mkono alikuwa amekifunga kitambaa.

Nikamwambia Mwalimu, hii kazi haiwezi kuisha.

"Najua," akasema. "Nimefika nakala ya tatu. Nikifika tano, watano watafanya mtihani. Wengine watasubiri mwaka ujao."

Nikauliza watachaguliwaje hao watano. Akasema hilo ndilo amekuwa akiliwaza tangu asubuhi, na akaniomba nisisimame kwenye njia ya karani, anashindwa kumsikia.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Shemeji. Alikuwa amelala chini ya mashine, miguu nje. Nikaiambia miguu kila kitu. Nakala niliyokosa kuhifadhi, mistari niliyoifuta, jina nililobatiza, flashi. Mapazia. 

Kisha akatoka, akajifuta mikono.

"Shemeji," akasema, "Jumanne nilikwambia uniambie."

Leo asubuhi kaja na laptopu. Kwanza ameurudisha mfumo mpya, safi. Nilidhani ataung'oa aweke wa zamani. Hakuung'oa. Ndani yake ametengeneza kama sanduku lililofungwa, na ndani ya sanduku ameweka Linux ya zamani kidogo tu, na maktaba zake zote, na programu. Akaniambia mzee ukimhamishia mjini usimlazimishe kuvaa za vijana. Mpe chumba chake na vitu vyake. Programu imo humo inadhani miaka kumi na mmoja haijapita. Kazi nzima imemchukua dakika arobaini, ikiwemo kunywa chai.

Mashine ikanguruma. Mwalimu akaweka vidole, vile vile vya mkono wenye kitambaa.

"Kura ni nini," akasoma. Akaendelea.  Ukurasa wa nne akasimama. Akasema kwenye swali la ishirini neno serikali limeandikwa mara mbili. Shemeji akatazama skrini, akasema hilo limo kwenye maandishi ya kawaida. Nilichapa mimi.

Tulimaliza saa tisa alasiri. Nakala kumi na nne. Mwalimu akaziweka zile zake za mkono kwenye kabati. Nilimwomba radhi. Akasema radhi kaipokea, ila kwa wiki mbili nitamfungia vifungo vya shati la kazi kila asubuhi, maana mkono huu hauna nguvu ya vifungo. Nikakubali upesi. Akasema upesi wangu ndio anaouogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Mtihani umefanyika. Watoto wote kumi na wanne. Shule imepiga simu kusema karatasi zilikuwa safi. Nimemfungia Mwalimu vifungo, nikaruka kimoja, tukaanza upya.

Saa tano Bi Mkuu kaniita. Alikuwa na Shemeji ofisini. Kitengo cha kompyuta sasa ni cha Shemeji, pamoja na mashine. Mimi nahamishiwa mapokezi, kumsaidia karani kuandikisha wageni, hadi nitakapotulia. Neno lake hilo, nitakapotulia. Akanieleza taratibu kwamba kitu kinachofanya kazi hakiguswi na mtu asiyetumwa. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nimeelewa. Nikatia.

Na kweli nimeelewa. Nilitoka pale mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Mke wangu nilipompigia akasema huenda nimekua. Akaongeza kuwa mama yake anasalimia, na pazia la sita limegeuka tena.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kwanza mapokezi. Pametulia. Dawati, daftari la wageni, maua ya plastiki. Hadi saa nne mgeni mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia.

Kompyuta ya mapokezi nimeitazama kwa macho tu, sikuigusa. Inawaka kwa dakika tatu na nusu. Nimeipima mara mbili. Humo ndimo yamo majina, anwani na simu za shule zote tunazohudumia, miaka yote, na karani anasema haijawahi kumsumbua hata siku moja. Maskini hajui anachokikosa. Mfumo wake una miaka tisa.

Bi Mkuu hajasema lolote kuhusu mapokezi. Alisema kitengo cha kompyuta. Hii ni kompyuta moja, si kitengo.

Shemeji yuko chini ya mashine. Nimemwambia karani akapate chai, na asiwe na haraka.