Kibali cha Kunguruma

Bodi ya Uhakiki wa Sifa za Viumbe wa Kubuni inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hakuna askari yeyote wa sayari ya Goru atakayeruhusiwa kunguruma kooni kama paka bila kibali cha maandishi.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Mimi ni Afisa Itifaki wa Bodi, na kwa wasioujua uzito wa cheo hicho, nasema tu kwamba bila mimi kikao hakianzi, kipaza sauti hakiwashwi, na mtu mzima na akili zake hajui akae kiti kipi.

Kwa faida ya walioachwa nyuma na dunia: Wagoru ni askari wa kwenye anime moja, katuni ya Kijapani, wale wenye ngozi ya kijani na pembe moja. Wanashuka kutoka sayari ya mbali, wanapiga, wanapigwa, sayari inapasuka, wiki ijayo wanaanza upya. Bodi haina ugomvi nao. Ugomvi wetu ni na mashabiki. Mashabiki hawatosheki, jamani. Wakishamaliza kutazama wanaingia mtandaoni, wanaandika hadithi zao wenyewe za askari wale wale, na humo wanawabandika sifa ambazo wenye anime hawakuwapa. Mmoja kaandika kuwa Wagoru wanaogopa vipepeo. Mwingine kaandika kuwa wanasukana nywele kabla ya vita. Lakini iliyosambaa kuliko zote ni hii ya kunguruma, ati Mgoru akilala karibu na mtu anayemwamini, koo lake linaanza lenyewe, taratibu, kama paka aliyeshiba.

Hebu fikiria. Askari anayetikisa nyota, analala, ananguruma. Nidhamu ya watoto wetu itabaki wapi?

Mkurugenzi wetu aliiona hatari hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiitafuta. Akaagiza atafutwe mwenye hadithi. Tukamtafuta, tukampata. Alikuwa daktari wa meno, mama mwenye sauti ya chini na mikono isiyotetemeka, anayeandika kwenye simu akisubiri ganzi iwakolee wagonjwa wake. Tukamwandikia afike mbele ya Bodi aitetee sifa hiyo, la sivyo hadithi yake yote ifutwe mtandaoni, sura ya kwanza hadi ya mwisho.

Maandalizi hayakuwa ya mchezo. Wajumbe walitazama anime nzima, saa za kazi, mapazia yamefungwa, ili kujiridhisha kwamba hakuna mahali Mgoru anaponguruma. Walijiridhisha sana. Mjumbe wa fedha alilia pale kamanda alipokatwa pembe, akasema ni vumbi la feni. Walipofika mwisho wakaomba waanze tena, kwa uhakika zaidi.

Na mimi nikatunga kanuni yenyewe. Nilikesha na neno moja tu, "mhusika", maana hapo ndipo watu wajanja hupenyea. Nikaandika hivi: mhusika ni kiumbe yeyote anayeonekana kwenye skrini na kushangiliwa na watu wasiomjua. Mkurugenzi alipoisoma akanipiga bega. Akasema kanuni hii haichagui mkubwa wala mdogo, na kwamba kikao kirushwe moja kwa moja kwenye televisheni ili umma uone kazi inavyofanyika. Nilivimba kichwa siku ile, sifichi.

Kikao kikafunguliwa kwa utaratibu wetu wa kawaida, yaani mimi kusoma wasifu wa Mkurugenzi. Hakuna shughuli ya Bodi inayoanza bila wasifu. Nilipoajiriwa niliukuta umekonda, una jina, mwaka wa kuzaliwa na shule, basi. Nikaulea. Kila shughuli nikauongezea neno. Nikamfanya mchapakazi, kisha mchapakazi asiyelala. Nikamfanya rafiki wa watoto. Mwaka wa mafuriko nikamfanya bingwa wa kuogelea enzi za ujana wake, watu wakapiga makofi mpaka nikarudia. Mkurugenzi mwenyewe hajui kuogelea, hata beseni analiogopa, lakini siku ile alipokea makofi kwa unyenyekevu mkubwa, na tangu hapo sifa ikabaki.

Basi nikasoma. Daktari wa meno alisikiliza mwanzo hadi mwisho, ametega sikio, kama mtu anayesikiliza jino linalouma kwa mbali.

Mkurugenzi akamtaka aonyeshe ni kipande gani cha anime ambamo Mgoru ananguruma. Akajibu hakuna. Wajumbe wakatazamana, kesi imekwisha asubuhi na mapema, chai bado ya moto. Lakini yule mama akaendelea. Akasema kwenye anime hiyo Wagoru hawajawahi kuonekana wamelala, hawajawahi kuonekana na mama zao, wala hawajawahi kuonekana wakienda chooni. Akauliza kama Bodi ina msimamo kwamba hawaendi. Hapo pakazuka mjadala. Wajumbe waligawanyika, mmoja akapendekeza kamati ndogo ya choo, na Mkurugenzi akalazimika kugonga meza.

"Mama, tuache vituko," alisema. "Askari ni askari. Kwa nini kunguruma? Kwa nini usimpe sifa ya maana, kama kupiga saluti?"

Daktari akaongea akitazama meza, wala si kamera.

"Sikuitunga mimi. Aliitunga mdogo wangu," alisema. "Hii hadithi tunaiandika wawili, yeye sura, mimi sura. Tuligombana kwenye mazishi ya mama yetu, kila mmoja akasema neno ambalo halirudi. Tangu hapo hatujapigiana simu. Kinachopita kati yetu ni hizi sura tu. Kuna sura yake, makamanda wawili waliokosana wamelala pangoni, mmoja kajeruhiwa. Lugha ya Wagoru haina neno la kuomba msamaha, hilo ni la kwenye anime kabisa, mmelisikia wenyewe. Basi yule aliyejeruhiwa akanguruma. Nilisoma nikalia mbele ya mgonjwa. Nilijua ni nani ananguruma. Leo mkiniambia nifute, yeye ataona nimefuta. Hatajua kuna Bodi. Atajua dada yake kakataa."

Mjumbe wa fedha akatafuta vumbi la feni, feni ilikuwa imezimwa. Mimi pia nililihitaji, tena si kidogo, lakini itifaki hairuhusu.

Mkurugenzi akasafisha miwani yake. Akasema Bodi imeguswa, na kwamba kuguswa si kifungu cha kanuni. Akasoma uamuzi: sifa yoyote ya mhusika isiyo na ushahidi katika chanzo chake ifutwe papo hapo, pasipo upendeleo, na yeyote mwenye malalamiko juu ya mhusika yeyote ayatoe sasa hivi, Bodi iyasikilize hadharani. Hilo la mwisho aliliongeza kwa ajili ya kamera. Halikuwa kwenye karatasi yangu.

Daktari wa meno akanyoosha mkono. Akaomba asomewe tena maana ya mhusika.

Nikaisoma, tena kwa madaha, kiumbe yeyote anayeonekana kwenye skrini na kushangiliwa na watu wasiomjua. Nilipofika mwisho wa sentensi macho yangu yakaenda yenyewe kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wetu hutokea kwenye taarifa ya habari kila jioni akizindua kitu, na wale vijana wa fulana nyeupe wanaomshangilia huletwa na basi la Bodi.

"Nina malalamiko juu ya mhusika aliyekaa pale katikati," daktari alisema. "Huko kuogelea ni kipande gani?"

Wajumbe wote wakanigeukia mimi, maana mtunzi ndiye anayetetea, ndivyo kanuni inavyosema, na kanuni ni yangu. Nikasimama. Nikaiambia Bodi ukweli wa kitaalamu kwamba ushahidi sina, ila nilimwandika kwa mapenzi.

Basi zikafutwa moja moja, moja kwa moja kwenye televisheni. Nilishika kalamu mimi mwenyewe. Mchapakazi, hakuna kipande. Asiyelala, mjumbe wa fedha akakumbuka vikao kadhaa vyenye ushahidi wa kinyume. Rafiki wa watoto, akaulizwa ataje mtoto mmoja kwa jina, akataja wa kwake, akakosea. Mwishowe pale katikati palibaki jina, mwaka wa kuzaliwa na shule, na shule nayo ikawa inaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Ndipo Mkurugenzi akasimama. Nimemwandikia hotuba nyingi, lakini ile hakuandikiwa na mtu.

"Haiwezekani," alisema. "Hiyo ya kuogelea watu wameizoea. Watu wanaipenda. Kuna wazee walinishika mkono kwa ajili yake. Aliyetunga alijaza mahali palipokuwa patupu, kuna ubaya gani? Mtu hawezi kuishi na yale tu aliyoonekana akiyafanya. Sasa mimi nitabaki na nini?"

Daktari wa meno akaomba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu, maana yeye alikuwa amejiandaa kusema hayo hayo ila hakuyapanga vizuri kiasi hicho.

Uamuzi ukageuzwa kabla ya chai ya pili. Kuanzia siku ile, sifa yoyote iliyobuniwa kwa mapenzi na kukubaliwa na mashabiki wengi ni sifa halali ya mhusika, haihitaji ushahidi, na afisa wa Bodi atakayeiruka katika maelezo rasmi ya mhusika huyo atafukuzwa kazi. Mkurugenzi aliweka saini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Akarudi kuwa mwogeleaji. Na Wagoru wakaruhusiwa kunguruma, dunia nzima, usiku na mchana.

Mdogo wake daktari alikuwa ametazama kikao chote, kumbe. Hakupiga simu. Ni watu wa ajabu hawa. Jioni ile akaweka mtandaoni sura mpya. Humo Wagoru wanatua mbele ya jengo la serikali na kupokewa na Mkurugenzi wa Bodi, mtu mnene mwenye miwani, ambaye ana mkia. Mkia mzuri tu, wenye manyoya laini, anaukunja kwa siri ndani ya suruali, na akisifiwa unajitingisha wenyewe hata akiuzuia kwa mikono miwili. Watu walipagawa. Hakuna sifa katika historia ya Bodi iliyowahi kukubaliwa na mashabiki wengi kiasi kile, hata kuogelea hakukufika robo. Wengine walimchora. Wachoraji walielewana hata rangi ya mkia.

Siku ya kuzindua kanuni, Waziri akiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi aliniita ofisini mapema na kufunga mlango. Akaniuliza hali ya nyumbani. Miaka yote hajawahi kuniuliza.

"Mdogo wangu," alisema, "ule mstari uuruke."

Nikamwambia saini ni yake. Nikamwambia pia nina watoto wawili wanaokula kila siku. Akaketi, akajitazama kwenye kioo cha kabati, kwa mbele, halafu kidogo kwa nyuma. Nilimhurumia, kusema kweli, lakini nilikuwa nimeshapiga chapa.

Ukumbi ulijaa. Nikasoma wasifu wake wote kwa sauti yangu ile ile: mchapakazi, asiyelala, rafiki wa watoto, bingwa wa kuogelea, na mwenye mkia wenye manyoya laini ya rangi ya kahawia, unaojitingisha akisifiwa. Sikubadilisha hata pumzi. Makofi yaliyopigwa sijawahi kuyasikia katika utumishi wangu, na kadiri watu walivyopiga ndivyo walivyonyoosha shingo kumtazama, naye akashika koti lake kwa nyuma kwa mikono miwili. Kushika kule ndiko kulikowamaliza.

Kutoka jukwaani nilimwona daktari wa meno kwenye viti vya nyuma. Kulia kwake alikaa mwanamke mwenye kidevu kama chake kabisa. Walikuwa wameinamiana, wamefunikana midomo kwa mikono, yule kamfunika huyu na huyu kamfunika yule, machozi yanawatoka kwa kicheko. Kucheka wakati wa wasifu ni kosa, na mimi ndiye wa kuwatoa nje. Sikuwaona vizuri siku ile, kulikuwa na vumbi la feni.

Waziri, ambaye ni mtu wa kufuata sheria, alisubiri makofi yaishe. Akaniita kwa kidole, akaninong'oneza kwa hasira kwamba ni aibu kwa Bodi kuwa na Mkurugenzi mwenye maumbile yale na kumpa kiti kilichozibwa nyuma. Nikaagiza kibadilishwe. Fundi akaja na msumeno, akatoboa egemeo mbele ya kamera zote, akalainisha kingo za tundu kwa msasa, akapuliza vumbi, akampisha Mkurugenzi. Na Mkurugenzi, akiwa amezungukwa na kanuni yake mwenyewe, akashusha pumzi, akakaa kwa uangalifu, akahakikisha hakuna kitu kilichobanwa.