Samaki Waliositisha Shughuli

"Ifahamike kwa wananchi wote wa Shianda kwamba samaki wenu hawajafa. Wamesitisha shughuli za kuishi kwa muda!"

Hivyo ndivyo Bwana Clifford Masinde, mwenyekiti wa Kamati ya Kutathmini Hasara za Uvuvi, alivyofungua baraza mwaka wa 1994. Msomi huyo! Kiwanda cha sukari-guru cha Tamu Daima kilimwaga maji meusi mtoni, ndiyo, lakini tangu lini utamu ukaua kiumbe? Hesabu yake nayo haikuwa na mwanya: samaki asiyevuliwa hauzwi, asiyeuzwa hana bei, na asiye na bei hawezi kuleta hasara. Hasara, sufuri. Sufuri hiyo ndiyo ingempandisha cheo hadi Nairobi, maana mwenye kiwanda alikuwa shemeji yake Mkuu wa Wilaya.

"Nyavu zangu siku hizi zinashika matope tu," alilalama Khisa, mvuvi. "Watoto watakula nini?"

Masinde alimkumbusha kwamba matope nayo ni maliasili.

Mkuu mwenyewe alikuja kupokea ripoti. Ili kufunga midomo ya wachochezi, Masinde alikuwa ameagiza mlo wa samaki aina ya mumi wa mto uleule, upikwe na Namalwa, mchuuzi wa samaki. Masinde mwenyewe alijishindilia chapati kwake Shieywe asubuhi, apate kusema ameshiba. Mtu mzima hujipanga.

Namalwa akatua sahani: obusuma moto, ugali wa kwao, na mumi wakielea mchuzini. Mkuu akanawa.

"Ngoja, Mheshimiwa," Namalwa akasema. "Kwetu mwenye ameita wageni ndiye huonjanga kwanza."

"Kweli kabisa!" Mkuu akarudisha mkono upesi. "Onja, Masinde."

"Nimeshiba, Mheshimiwa."

"Tonge moja tu."

Masinde akamega, akachovya, akalifikisha tonge mdomoni. Akakumbuka povu alilokuwa ameliona mtoni, na ng'ombe waliokataa kunywa maji yake. Cheo kitamu, lakini tumbo ni lako peke yako. Akalitupa tonge.

"Haki ya Mungu siwezi! Samaki wa huu mto ni sumu! Kiwanda kimewaua wote!"

Baraza likalipuka kwa vigelegele. Mkuu akatafuta kofia yake.

Namalwa akaivuta sahani, akaanza kula taratibu.

"Hawa nimewatoa Kisumu, Bwana Mwenyekiti, na bei ilinivunja mgongo. Wa mto wetu ningewapata wapi, na waliisha? Khisa, njoo ule, obusuma unapoa."